Tarehe Mbili Zinazofanana

Saa tisa alasiri, na jua limeshaaga.
Huku Faroe, Desemba, mchana ni mgeni
anayekataa hata kuvua koti.
Upepo unagonga bati la banda la kondoo
kama mtu anayedai deni.

Nimeanika soksi kumi na tatu.
Ya kumi na nne, Mungu anaijua.
Viazi vinatokota. Bárður, miaka minne,
yuko chini ya meza na kile kitabu cha mbweha,
jalada lilishaondoka, kurasa zimebandikwa utepe
hata utepe umekuwa mwingi kuliko karatasi.
Nimekisoma mara ngapi? Nikiruka neno
ananirudisha kama karani wa mahakama:
"Mama, hapo hakulala. Kwanza aliomba radhi."

Kweli. Kwanza aliomba radhi.
Nami asubuhi nilimfokea kwa ajili ya maziwa.
Maziwa yakimwagika hayazoleki,
na maneno ni vivyo hivyo.
Napiga magoti palepale, juu ya makombo,
namwomba msamaha.
Ananisamehe bila kuinua macho.
"Endelea," asema. "Fungua ukurasa."

Høgni anarudi. Kutwa amewalisha samoni vizimbani;
ananawa mara mbili, harufu inabaki mara tatu.
Tunasali kwa ufupi kwa sababu viazi vinapoa,
na Bwana aliyewachomea rafiki zake samaki ufukoni
anajua chakula cha moto ni nini.

Kisha Biblia ya bibi Elspa,
ngozi yake bado inanukia moshi wa jiko la kale.
Leo ni Nuhu. Mvua, safina, jozi kwa jozi,
na sauti kutoka chini ya meza:
"Na samaki? Samaki nao walizama?"
Høgni, mtu wa kuhesabu samaki,
anaweka kidole kwenye mstari, anakuna kidevu.
"Hilo," asema, "nitalifikiria kazini."

Tóra ana miaka sita na herufi humkimbia.
Mwalimu ameshatuandikia barua mbili, za upole.
Usiku huu kaifunua Biblia mwanzoni kabisa,
kwenye ukurasa usio na Nuhu wala Musa,
wenye majina yetu kwa wino wa mikono mingi.
Kidole kinatambaa. Midomo inajaribu.
"Ey," asema. "Ey... ðun. Eyðun!"
Anaruka. Amesoma! Peke yake, hakuna aliyemnong'oneza.
Kisha anainama tena, anakunja uso.
"Mbona tarehe zake mbili zinafanana?"

Bibi ndiye aliyeandika hapo,
mimi nikiwa bado hospitalini Tórshavn, uso ukutani.
Hakuniambia. Nililikuta jina miezi mingi baadaye,
nikitafuta zaburi, si mwanangu.

"Ni kaka yenu," nasema. "Alikuja siku ile,
akaondoka siku ileile."
Tóra anafikiri. Upepo nao umepumzika kudai.
"Kwa hiyo hakusomewa kitabu?"
"Hapana."
"Hata kimoja?"
Høgni anatazama dirisha ambalo halionyeshi kitu.

Bárður anatoka chini ya meza, nywele zina makombo.
Anaweka mbweha wake juu ya ukurasa wa majina,
anaunyoosha utepe kwa kiganja.
"Basi Tóra amsomee hiki.
Lakini asiruke."

Na Tóra akasoma. Ilichukua karibu saa nzima.
Akajikwaa kwenye "mbweha," akajikwaa kwenye "theluji,"
akafika kwenye "radhi" akiwa anatoka jasho.
Hakuna aliyemharakisha.
Kondoo walikuwa wakisubiri majani yao; wakasubiri.

Sasa wamelala. Nimekuja kuifunga Biblia
na haifungi: mbweha yumo ndani, amenenepa kwa utepe.
Nimeiacha hivyo hivyo, mdomo wazi.

Gizani, kitandani, nikidhani amelala, Høgni asema:
"Wale samaki. Hawakuzama.
Ila nadhani walishangaa sana
kupita juu ya mapaa ya nyumba."