Kabla ya Kushusha Mzigo

Mashine tumeiweka chumba cha nyuma, Pongwe,
penye ukuta uliovikwa bati la risasi na feni isiyozunguka.
Kati ya taya zake mbili
nimekaza kipande cha mguu:
nyuzi za katani, gundi nyeusi,
urefu wa kidole changu cha kati.
Mguu wenyewe ni wa Kihiyo, fundi baiskeli wa Ngamiani,
aliyekuja juzi kuuliza kwa mara ya tatu,
akanikuta nakula, akasema, "Kula kwanza.
Mimi nimesimama kwa mmoja miaka tisa,
sitaanguka leo."

Naongeza. Kilo mia mbili.
Kimya.
Mia tatu na hamsini. Kimya cha mtu aliyeelewa swali.
Mia tano na kumi,
tik,
kama punje ya mtama kikaangoni.
Nje hakuna kitu. Nimepitisha kucha, nimepitisha kurunzi,
nimelowesha kidole nikapapasa:
laini kama kikombe cha kahawa.

Wahenga walituonya juu ya ufa,
lakini wao walisema ufa wa ukuta,
ule ambao hata mgeni huuona akikaribishwa uji.
Huu hauna mlango.
Umezaliwa ndani, baina ya uzi na gundi,
pale viwili vilipokubaliana kushikana
na kimoja kikaanza kuchoka.

Mwantumu anataka tushushe mzigo,
tupige picha kwa nafasi.
"Usishushe!"
Ukishusha, ufa hufumba mdomo.
Kingo zinarudiana kama midomo ya shahidi aliyehongwa,
na eksirei itatuapia kwamba hapa halijatokea neno.
Kipigwe kikiwa kimebeba.

Basi tunatoka, tunafunga mlango mzito.
Mle ndani kinazunguka polepole na mzigo wake,
nyuzi mia tatu na sitini
(lugha yetu, kwa uvivu au kwa akili,
imezipa pembe na katani jina moja).
Dakika arobaini.

Mama alianika singa shambani miaka ishirini na miwili.
Siku ya zahanati walimkalisha kitini,
wakamuuliza, "Panauma wapi?"
Akajibu, "Hapana mahali."
Hakudanganya. Alikuwa amekaa.
Hakuna aliyemfuata saa saba mchana
kwenye kamba za kuanikia,
begani ana singa mbichi zinazochuruzika,
akamuuliza pale.

Picha zinakuja, mia tisa,
kama mkate uliokatwa na mtu bahili.
Mwantumu anashtuka, "Matundu!"
Hayo siyo. Kila unyuzi wa katani huzaliwa na uwazi wake,
na uwazi si ufa.
Hilo nililijua baada ya kutupa
vipande kumi na vinne vizima.
Tazama kisichokuwepo asubuhi.

Picha ya mia nne na kumi na mbili: mstari.
Mwembamba, umeinama kuufuata unyuzi,
halafu umevuka kwa jirani bila kupiga hodi.
Kumi na tatu, upo.
Kumi na nne.
Tunafika mia nne na sitini, bado upo,
na Mwantumu ameacha kuhesabu kwa sauti.

Sasa mzigo nimeushusha.
Kipande kiko mezani, kinang'aa, kizuri hata kwa zawadi.
Kesho Kihiyo atakigonga kwa kidole
kama anayepima tairi, atasema, "Mbona kizima?"
Nitavuta kiti nimkaribishe.
Kisha nitakumbuka.
Nitamwomba asimame kidogo,
nimuulize ule mguu wake mzima
unamuuma wapi.