Safu ya Maelezo

Kila Januari naingia msitu wa Kakamega kwa upande wa Isecheno
na utepe wa kupimia, kopo la rangi nyekundu,
na daftari lililovimba kwa mvua za miaka kumi na mmoja.

Mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini:
hapo ndipo sayansi huukumbatia mti.
Sisi tunauita mwiritsa. Kibati kilichopigiliwa kinauita kwa Kilatini,
jina ambalo Shitsama, mwenzangu wa panga, hulitamka
kama mtu aliyetia mdomoni tonge la moto.
Gome jeusi, limepasuka vigae vigae;
likwaruze kwa ukucha, linanuka lozi chungu.

Arobaini na moja ni mti wangu. Sikuuchagua.
Mwaka wa kwanza njaa ilinikuta chini yake, nikala nduma.
Thelathini na mbili nukta nne.
Mwaka uliofuata, thelathini na mbili nukta tisa.
Mwaka mzima wa jua, radi na siafu,
umenenepa kwa punje moja ya hindi.

Nyumbani Shinyalu kuna hesabu nyingine.
Mlango wa choo chetu ni wa bati, bawaba hazijaonja mafuta.
Baba akitoka usiku, unalia.
Saa nne. Saa sita. Saa saba na nusu. Saa tisa.
Saa kumi na moja harudi tena kulala, hukaa jikoni
akijifanya anatafuta kiberiti.
Hatujawahi kulitaja jambo hili. Mlango ndio unaosema.

Nilimwuliza Daktari Chemeli, mkuu wetu wa utafiti,
kama mtu anayemwulizia rafiki.
Hakucheka. Tafiti zipo, alisema:
wanaume waliopewa dondoo la gome, wenzao wakapewa vidonge vitupu,
wote wakahesabiwa safari zao za usiku.
Wa gome walipata nafuu. Kidogo.
Walifuatwa kwa miezi, si miaka.
Hilo "kidogo" alilishika kwa mikono miwili
kama mche ambao mizizi yake iko nje.
Kisha: mpeleke hospitali apimwe kwanza,
gome halijui kutenganisha uvimbe na saratani.

Nikamwambia baba. Baba akasema ng'ombe anakaribia kuzaa.

Machi, jikoni kukanuka lozi.
Sikuuliza. Nilihesabu.
Wiki ya tatu, mara nne. Ya tano, mara tatu.
Nikaandika nyuma ya daftari la mradi, kwa penseli:
mgonjwa mmoja, vidonge vitupu hakuna,
mhesabuji mwenyewe ana usingizi
na anamtaka baba yake.
Ushahidi ambao Chemeli angeufuta kwa kidole gumba.

Januari iliyofuata nikaukuta arobaini na moja uchi,
kutoka magotini hadi ambapo mkono wangu haufiki.
Mchunaji mwenye adabu huchukua upande mmoja,
akauachia mti njia ya kunywa. Huyu alizungusha.
Mama anaapa lake alilinunua kwa mwanamke wa soko la Khayega.
Yule mwanamke alilipata wapi, mama hakuuliza.
Sisi ni ukoo wa wasiouliza.

Shitsama akakaza utepe. Thelathini na sita nukta moja.
Kwa mara ya kwanza, umepungua.
Safu ya maelezo ni nyembamba, maneno matatu yanaijaza:
*Gome limechunwa. Hai.*
Hai, maana majani yalikuwa hayajapata habari.

Chini yake ndege walikuwa wamedondosha mbegu.
Mbegu za mwiritsa hazingoji mtu; zikikauka, basi.
Nilijaza kofia, nikaifunika kwa udongo wenye maji,
nikazipanda nyuma ya choo. Kumi na sita. Zimeota tisa.

Barua ya hospitali imo kwenye koti la baba. Tarehe kumi na nne.
Amesema ataona.

Jana usiku, saa tisa, mlango ukalia.
Nilingoja nyayo zirudi. Hazikurudi.
Nikasikia kopo likigonga ndoo, kisha maji, taratibu, kwenye udongo.
Kopo. Maji. Kopo. Maji.
Nikahesabu hadi tisa.