Mraba wa Shangazi Ruzuna

Mwaka wa kwanza, pale Al Khodh, tuliikata dunia vipande.
Kila kipande mraba, kilomita ishirini na tano kila upande,
kila mraba joto moja, unyevu mmoja, upepo mmoja,
kana kwamba mbingu nazo zimepigwa rula.

Nikautafuta mraba wa shangazi.
Nikaukuta Khabura: ndani yake kipande cha Hajar,
mitende, barabara kuu, kiwanja cha mpira,
wadi kavu, mawe yake meupe kama meno,
bahari kidogo, pembeni, kama iliyokatwa na mkasi,
na nyumba ya geti la kijani anamokaanga sambusa za Alhamisi.
Vyote hivyo, kwa wastani:
milimita mbili nukta nne.

Mwalimu Padmaja akasoma, akavua miwani.
"Wastani haulowi," alisema.
"Wanaolowa ni watu."
Kisha akafuta ubao kwa kiganja, dasta ikimtazama.

Usiku wa maabara kiyoyozi kilitutetemesha
tukikokotoa joto la mwaka elfu mbili na sabini.
Nukta moja niliiweka pasipo pake:
Ghuba ikachemka hadi nyuzi mia nne.
Nilicheka peke yangu.
Nikatafuta ile nukta, nikairudisha,
joto likashuka, likashuka,
likasimama mahali ambapo sikucheka tena.

Nyumbani tulilelewa na haba na haba hujaza kibaba.
Huku haba hazijui foleni.
Kibaba cha mwaka mzima huteremka mlimani adhuhuri moja,
jua bado linawaka ufukweni,
watoto bado wanacheza kwenye mchanga wa wadi,
na kinachotangulia si maji, ni sauti,
kama lori linalomwaga kokoto nyuma ya ukuta.

Basi mwaka wa nne niliukata mraba upya.
Ishirini na tano ikawa tano, tano ikawa moja.
Geti la kijani bado halikuonekana,
ila mteremko ulianza kujitambulisha,
na chini ya barabara, mabomba matatu ya zege
yaliyopimwa kwa mvua za zama za babu yake Hilal.
Nikainyesha mvua ileile mara hamsini,
kila mara nikiisogeza dhoruba kidogo, nusu nyuzi huku, nusu nyuzi kule.
Mara thelathini na moja maji yalipita chini, yakaenda zao.
Mara kumi na tisa yalipanda barabara.
Katika hizo kumi na tisa, kumi na moja yaliingia jikoni.

Manispaa, mhandisi Qahtan alinipokea kwa heshima.
"Una hakika?"
"Nina ramani hamsini."
Alizipekua moja moja, bila haraka, lazima niseme hivyo,
akaweka kikombe cha chai juu ya ramani ya arobaini,
pale hasa penye nyumba.
"Bomba la nne," alisema. "Tutaliangalia. Bajeti ijayo."
Nilipoondoka kikombe kilikuwa kimeacha duara,
mafuriko madogo ya rangi ya tangawizi.

Sikurudi bweni. Nilipanda basi la Khabura.
Shangazi alinisikiliza akikunja manda,
vidole vyake vyeupe kwa unga, redio ikisema juu ya bei ya samaki.
Nilimweleza yote: miraba, nukta, ile hamsini.
"Miaka minne," alisema, "umesomea labda?"
"Labda yenye kipimo, shangazi."
"Na kipimo chake kinafika wapi?"
Nikaonyesha ukutani, chini kidogo ya swichi.

Hakujibu. Alimwita Hilal kutoka uwanjani.
Wakaliinamisha friza, lile la sambusa, la mkopo,
akaniuliza matofali mangapi kila mguu.
Nikasema mawili.
Akaweka matatu.
"Hilo la tatu," alisema, akijifuta unga kwenye kanga,
"ni la makosa yako."