Iko Wapi 113?

Faili limekuja limefungwa kwa kamba ya katani,
kurasa mia na themanini, muhuri kila ukurasa.
Kazi yangu ni kusoma. Nalipwa kusoma
kile ambacho waliokiandika hawakukirudia.

Shahada ya Uhandisi wa Maji, mwaka wa pili,
kozi 214: Mifereji ya Mijini.
Sharti: mwanafunzi awe amefaulu 113.
Naitafuta 113. Naenda mbele, narudi nyuma,
kama mtu aliyeelekezwa nyumba kwa duka la kona,
na duka lilishavunjwa kupisha barabara.

113 ilikuwa ya Dokta Lwehabura.
Alistaafu, akaondoka na noti zake
ndani ya boksi la sabuni.
Kozi ikafutwa kwenye kikao, kabla chai haijapoa.
Sharti likabaki mlangoni, linamngoja marehemu.

Nikamwita Sikudhani Mtulia, wa mwaka wa nne.
Mliwezaje?
Akacheka, kiganja mdomoni.
"Tulikariri, mama. Maswali yanajirudia.
La mteremko hutoka kila mwaka,
swali la nne, sehemu b."
Na mteremko ni nini?
Akaitazama kalamu yake muda mrefu.
"Ni alama kumi na tano."

Kwenye mtaala imeandikwa:
*Mhitimu ataweza kusanifu, kuchambua, kutathmini.*
Vitenzi vimevaa suti.

Mwenyekiti akaniambia, taratibu, kama anayempoza mtoto:
"Wageni wa ithibati wanakuja Jumatatu.
Andika *inaboreshwa*."

Nyuma ya kwetu, Kigogo, kuna mtaro mpya,
zege lake halina hata ufa.
Mvua za Aprili zikija, maji huingia,
hufika katikati,
husimama, yanawaza,
kisha yanarudi kwa Mama Chausiku
yakiwa na ndala za watu.
Sijui nani aliusanifu.
Najua sehemu b aliipata.

Sikuandika *inaboreshwa*.
Niliandika kwa wino mwekundu: Iko wapi 113?
Faili limerudi leo.
Juu ya swali langu wamepiga muhuri:
IMEPOKELEWA.

Jioni, ofisi ya Ubungo imebaki na feni na mimi,
nikampigia Lwehabura. Alipokea kwa mlio wa saba,
redio ikisema nyuma yake.
Boksi lipo, akasema.
Mchwa wamefika sura ya pili.
Akanyamaza, nikasikia anapekua.
Lakini mteremko, mwanangu,
mteremko uko sura ya tano.