Vipimo vya Halszka

Daftari langu la vipimo lina majina mia mbili.
Lake liko ukurasa wa tisa, kwa penseli:
Halszka Wilamowska. Kiuno hamsini na nane.
Bega la kushoto limeshuka kidogo,
kasoro ambayo kamera haikuijua
kwa kuwa niliizika kwenye pamba.

Mwaka ule, mjini Łódź, theluji ilianguka na masizi ya viwanda
na kila ukuta ulikuwa na uso wake.
Nilimshonea gauni moja mara tatu:
la kucheka, la kunyeshewa, la kufa.
Alikufa vizuri. Alikufa mara kumi na moja,
maana Bwana Korcz hakuridhika na mkono ulivyoanguka.
Ya kumi na mbili, aliketi kitako, akavua kiatu,
akaniuliza:
"Bogumiła, treni ya Kutno inaondoka saa ngapi?"

Tulidhani mzaha.
Akalikunja gauni, akalirudisha na pini zake sita,
akatia sahihi kitabu cha stoo.
Sijaona tena mtu akiuacha umaarufu
kama arudishaye sufuria ya jirani,
imesuguliwa mpaka kitako.

Nami nakiri, nilimnunia.
Gauni la kufa ndilo lililokuwa kazi yangu bora,
na halikuonekana na mtu.

Magazeti yakasema mapenzi. Yakasema pombe, utawa, kifua kikuu.
Korcz akasema, "Atarudi. Njaa haina haya."
Korcz tukamzika.
Ukweli haukufaa kuuza gazeti:
alikuwa dirisha la pili, posta ya Kutno,
akipima vifurushi, akigombana na wasiofunga kamba vizuri.

Jana kaja, nywele kijivu, na koti linalombana.
Nikazungusha utepe. Tisini na moja.
"Andika," alisema, "usinipunjie hata moja."
Bega lilikuwa palepale.
Mkono wangu ukaifuata pamba wenyewe, kwa mazoea;
akaushika, akautua mezani.

Nilikuwa na swali la miaka thelathini na minne.
Nilingoja mvuke wa pasi utulie, nikauliza.
Akakagua bitana kwanza.
"Mkono," alisema, "ulianguka vizuri mara ya kwanza.
Yeye aliona. Mimi niliona. Hata wewe."

Akahesabu sarafu, akadai stakabadhi.
Nikaandika:
koti moja, la kuvaa.