Kijumba cha Pembe Saba

Mwezi wa pili. Theluji imelalia paa la maabara
na bamba langu limepasuka tena.
Mara ya kumi na nne.

Nililichapa kwa unga wa titani, pembesita kwa pembesita,
kila ukuta sawa na jirani yake,
nadhifu kama daftari la mtoto anayemwogopa mwalimu.
Nikaliweka chini ya shinikizo. Likastahimili. Likastahimili.
Kisha likalia, mlio mfupi,
kama kijiko kilichoanguka sakafuni kwenye nyumba ya msiba,
na ufa ukapita palepale unapopita siku zote:
kwenye mshono,
pale nusu mbili za bamba zinapokutana.

Profesa Kobal akasema, ongeza joto.
Tilen akasema, ongeza unene.
Mimi nikaandika 14, nikaipigia mstari,
nikapanda basi la jioni kwenda Radovljica, kwa baba.

Baba na mimi hatuzungumzi sana.
Tangu mazishi ya mama tunapeana maneno
kama watu wanaopeana chumvi mezani.
Yeye huzungumza na nyuki wake wa kijivu. Banda lao lina vibao
alivyovichora babu wa babu yake:
dubu wanne wamebeba jeneza la mwindaji,
sungura mbele na tarumbeta,
na mwindaji, walau siku hiyo, hana la kubisha.

"Hawa wamekufa Januari." Akagonga mzinga wa tatu.
Haukuitika.
Akachomoa fremu, akaifunga kwa gazeti la juzi.
"Walianza kujenga pande zote mbili kwa pamoja.
Niliwaona. Nikasema, hawa hawatakutana vizuri."
Hotuba ndefu kuliko zote tangu Krismasi.

Sega likazunguka usiku kucha ndani ya mashine ya eksirei.
Alfajiri nikalifungua kwenye skrini, tabaka baada ya tabaka,
nta ya rangi ya moshi.
Kushoto, safu zilizonyooka. Kulia, safu zilizonyooka.
Lakini hazikutazamana;
zilijiana kwa mshazari, kila upande na hesabu yake,
kila upande na haki yake.

Na katikati?
Nilitafuta ufa. Nilitafuta kiraka, aibu iliyofunikwa kwa nta.
Nikakuta kijumba cha pembe tano,
na ubavuni mwake, kimejitanua kukipokea,
kijumba cha pembe saba.
Tena tano, tena saba, mshono mzima kutoka juu hadi chini,
na ndani ya vile vilivyopinda
asali bado imo, haijavuja hata tone.

Nje, gari la kuzoa theluji likapita.
Miaka sita nimewasifu wadudu hawa kwenye mikutano
kwa unyofu wao.
Nilisifu sehemu iliyokuwa rahisi.

Bamba la kumi na tano nililikosea kwa makusudi.
Tilen alilitazama, akaniuliza kama nimelala.
Shinikizo likashuka. Ufa ulianza, ndiyo, ukingoni,
ukaja kwa kishindo hadi kwenye mshono,
ukaingia penye pembe saba, ukawa kama mgeni
aliyesahau nyumba aliyoalikwa.
Ukasimama hapo.

La kumi na sita lilipasuka. Sijui kwa nini. Nimeandika 16.

Lile la kumi na tano nilimpelekea baba, mitufaha ikichanua.
Akalisogeza dirishani, akavua miwani,
kidole chenye makovu ya miiba kikapita safu kwa safu,
kikasita.
"Hapa umekosea."
"Najua."
Akanitazama muda mrefu kuliko desturi yetu.
Kisha akaliweka mezani, katikati yake na mimi,
na juu yake akatua birika la moto.