Mikunjo Minane

Sari ya arusi ya Monowara imechakaa,
wekundu umebaki kwenye pindo tu.
Anaikunja: mara mbili, nne, nane,
anaifunga mdomoni mwa mtungi
na kumimina maji ya bwawa, polepole.

Kitambaa kipya hakifai, asema;
nyuzi zake bado zina kiburi, zimeachana.
Kikuukuu ndicho kilichojifunza kushikamana.

Kila Jumanne wanawake saba wa Kolmipara
hupita nyumba kwa nyumba, bila daftari,
kila mmoja na kitambaa chake begani.

Mama mkwe wangu aliwacheka:
"Tumeyanywa haya tangu utoto, na tu hai."
Waliokufa hawakuwepo kumbishia.

Nilimkumbuka Tuhin wangu, miaka mitatu,
macho yamezama kabla ya adhuhuri.
Sikusema kitu.
Nilitoa sandukuni sari yangu ya kijani.

Leo asubuhi nimemkuta bibi uani,
amesuuza kitambaa, anakianika juani,
huku akimkaripia mjukuu:
"Nane, wewe! Nne ni za wavivu!"

Aliponiona akanyamaza,
akajifanya anafukuza kuku.